Milisekunde 20: historia fupi ya injekta na turbo

Haya ndugu zangu, leo naomba ruhusa nitoke kidogo kwenye programu niingie chini ya boneti ya gari. Msikimbie, mwisho wake tutarudi kwenye kompyuta tu.

Binamu yangu ana Subaru Forester ya turbo, mojawapo ya yale magari yaliyotumika Japani kabla ya kupakiwa melini kuja Mombasa. Mwaka 2019 aliipeleka gereji moja hapa Nairobi, akawekewa turbo kubwa zaidi na shinikizo lake likapandishwa. Injekta hazikuguswa. Wiki mbili gari lilikwenda kama mshale. Jumapili moja tukitoka Naivasha, tukaanza kupanda ule mlima wa Mai Mahiu, akakanyaga mafuta ili apite lori. Tulisikia sauti kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe, kisha moshi mweupe ukafunika barabara nyuma yetu, kisha kimya. Injini ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Pesa alizokuwa ameweka za kununua ploti zikaenda kwa injini nyingine.

Safari ya pili aliapa kwamba mafuta hayatapungua tena. Akanunua injekta kubwa kuliko zote alizozipata, za sentimita za ujazo 1,000 kwa dakika (mafundi husema cc 1,000). Sasa gari likawa na ugonjwa mwingine. Likisimama kwenye taa linatetemeka na kuzima, plagi zinageuka nyeusi kama makaa, na ukiwa nyuma yake unanusa petroli mbichi. Akanijia nyumbani. "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Fundi anasema shida ni kompyuta ya gari. Niambie, injekta saizi gani?"

Sikuwa na jibu. Mimi naandika programu za kulipa mishahara. Lakini swali lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba jibu lake lote limo kwenye historia. Ukijua injekta ilizaliwaje na turbo iliisumbua vipi, huhitaji kukariri chochote. Nami nimegundua kwamba swali la saizi ya injekta, kwa undani wake, ni swali la muda.

Tuanze na kabureta. Kwa miongo mingi petroli iliingia injini kwa kunyonywa. Hewa inapita kwa kasi kwenye koo jembamba la kabureta, shinikizo linashuka pale, na petroli inavutwa kupitia kitundu kidogo. Fundi alibadilisha kitundu, basi. Mwaka 1962 kampuni ya General Motors ya Marekani ilijaribu kuunganisha mfumo huo na turbo katika gari la Oldsmobile Jetfire. Lilikuwa na injini ya V8 ya lita 3.5 iliyotoa hp 215. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Hewa ikisongwa hivyo hupata joto, na joto likizidi, mchanganyiko wa petroli na hewa hulipuka wenyewe kabla ya wakati wake. Ile ndiyo sauti ya kokoto niliyoisikia Mai Mahiu.

Kabureta haikuweza kulitatua hilo peke yake. Jetfire ikapewa tangi la ziada la maji yaliyochanganywa na methanoli, yanyunyizwe ndani ili kupoza. Mwenye gari alitakiwa kujaza tangi hilo mara kwa mara. Wengi hawakujaza, gari likapoteza nguvu, na wamiliki wengi wakaishia kung'olewa turbo na kuwekewa kabureta ya kawaida. Gari liliuzwa miaka miwili tu, 1962 na 1963.

Wakati huo wazo jingine lilikuwa limeshazaliwa na kufa. Mwaka 1957 kampuni ya Bendix, huko huko Marekani, ilitangaza mfumo ulioitwa Electrojector. Hapa ndipo mtu wa kompyuta anapokaa wima kitini. Injekta ya Bendix ilikuwa vali ndogo inayofunguliwa kwa sumaku ya umeme. Petroli inasubiri nyuma yake kwa shinikizo lisilobadilika. Ukiipa umeme inafunguka, ukikata umeme inajifunga. Hakuna nusu. Ni moja au sufuri. Kiasi cha petroli kinachopita kinategemea kitu kimoja tu: imefunguliwa kwa muda gani.

Mwaka 1958 Chrysler ikaiweka kwenye baadhi ya magari yake, yakiwemo Chrysler 300D na DeSoto Adventurer. Yalitengenezwa takriban 35 tu. Wazo lilikuwa sahihi, ila vifaa vya umeme vya wakati ule havikustahimili joto na mtetemo wa chini ya boneti. Mengi ya magari hayo yalirudishwa yakawekewa kabureta. Programu nzuri, mashine mbovu. Wangapi kati yetu wameyaona hayo?

Bosch ya Ujerumani ikachukua leseni ya hataza za Bendix, na mwaka 1967 ikatoa D-Jetronic kwenye Volkswagen 1600 zilizouzwa Marekani, ambako sheria za moshi, hasa za jimbo la California, zilikuwa zimeanza kubana. Sasa transista zilikuwa imara zaidi. Kisanduku kile kilikuwa kompyuta bila programu. Kilipima shinikizo la hewa inayoingia, kasi ya injini na joto, kisha saketi zake zikaamua injekta ifunguke milisekunde ngapi.

Hapo ndipo saizi ya injekta ikawa hesabu. Injini ya mipigo minne hukamilisha duru moja ya kazi kwa kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, duru moja inachukua milisekunde 20. Hiyo ndiyo nafasi yote uliyo nayo ya kuipa silinda petroli yake. Injekta ikiwa ndogo mno, milisekunde 20 zitaisha kabla haijamaliza kumimina, na duru inayofuata itaanza. Itabaki wazi muda wote, na bado petroli haitoshi. Hakuna kengele itakayolia. Pistoni ndiyo itakayokuambia.

Upande wa pili kuna ukuta mwingine. Vali ya sumaku haifunguki papo hapo. Kwa kawaida inapoteza kama milisekunde 1 kabla petroli haijaanza kupita sawasawa, na betri ikiwa dhaifu inapoteza zaidi. Kwa hiyo injekta ikiwa kubwa mno, gari likisimama likinguruma litahitaji ifunguke kwa muda mfupi kiasi kwamba kufunguka na kufunga ndiyo kazi yote, na kipimo kinakuwa cha kubahatisha.

Kila injekta inaishi kati ya kuta hizi mbili. Injini isiyo na turbo inakaa hapo bila taabu. Nilipiga hesabu ya injini ya lita 2 yenye hp 125: petroli inayoingia silinda kwa kila duru nguvu zikiwa kamili ni kama mara 5 ya ile inayohitajika gari likinguruma papo hapo. Weka turbo kwenye injini ile ile, ifikishe hp 260. Mahitaji ya kusimama hayabadiliki, kwa maana silinda ni zile zile, lakini mahitaji ya juu yanaruka. Sasa tofauti ni kama mara 12. Na kasi haijaongezeka sana, kwa hiyo milisekunde ni zile zile 20. Turbo inavuta kamba pande zote mbili, na injekta ndiyo kamba.

Labda ndiyo maana sishangai nikiona magari ya kwanza mashuhuri ya turbo ya Ulaya yakilikwepa tatizo. BMW 2002 Turbo ya mwaka 1973, hp 170, ilitumia pampu ya Kugelfischer, mfumo wa mashine tupu. Porsche 911 Turbo iliyooneshwa Paris mwaka 1974 ilikuwa na lita 3 na hp 260, na Saab 99 Turbo ikafuata mwaka 1977. Zote mbili zilitumia K-Jetronic ya Bosch, ambayo haifungui na kufunga. Inanyunyiza muda wote, na wingi unabadilishwa na bamba linalosukumwa na hewa. Hakuna milisekunde za kugombania.

Mambo yakageuka mwaka 1979. Bosch ilitoa Motronic kwenye BMW 732i, na sasa ndani ya kisanduku kulikuwa na prosesa ndogo na jedwali la namba kwenye kumbukumbu. Kasi upande mmoja, mzigo wa injini upande mwingine, na pale vinapokutana pana muda wa injekta. Prosesa hiyo hiyo ikasimamia pia cheche. Ukitaka kubadilisha tabia ya injini, unabadilisha namba. Saizi ya injekta yenyewe ikageuka kuwa namba ndani ya programu. Kumbukeni jambo hili, nitalirudia.

Mbio za Formula 1 zikatoa mtihani mkali. Renault ilileta turbo mwaka 1977, na baada ya miaka michache injini za lita 1.5 zikawa zinatoa nguvu za kutisha kwa kumwagiwa petroli. Waandaaji wakabana. Mwaka 1984 gari liliruhusiwa lita 220 kwa mbio nzima, mwaka 1986 lita 195, na mwaka 1988 turbo zikaachiwa lita 150 tu. Imola, mwaka 1985, Ayrton Senna akiwa mbele alikaukiwa petroli zikiwa zimebaki raundi chache. Stefan Johansson akaongoza, naye akakaukiwa. Kumwaga hakukutosha tena, ikabidi kupima. Injini ya mizunguko 12,000 kwa dakika ina milisekunde 10 tu kwa duru, na ndani ya hizo kila tone lilihesabiwa. Waliopima vizuri zaidi walikuwa Honda: mwaka 1988 McLaren yenye injini yao ilishinda mbio 15 kati ya 16, kwa zile lita 150.

Kwetu nako turbo ilikuwa imefika. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda Safari Rally kwa Toyota Celica Twincam Turbo, gari la kwanza la turbo kushinda mashindano hayo. Celica hiyo ikashinda tena mwaka 1985 na 1986. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda kwa Celica ya turbo, na mwaka 1997 Colin McRae akashinda kwa Subaru Impreza. Nadhani nusu ya mapenzi yetu kwa Subaru yalianzia kwenye vumbi lile.

Japani ndiko hesabu hii ilikofanywa wazi kabisa. Chukueni Toyota Supra ya mwaka 1993, injini ya lita 3, silinda 6, turbo mbili. Iliyouzwa Japani ilitangazwa kuwa na hp 280, kwa sababu watengenezaji wa huko walikuwa wamekubaliana wasitangaze zaidi ya hapo. Ilikuwa na injekta za cc 440. Iliyopelekwa Ulaya na Marekani ilikuwa na takriban hp 320 na injekta za cc 550. Injini ni moja. Kilichobadilisha saizi ni lengo la nguvu. Ujazo wa injini hausemi lolote, wala jina la gari. Anayekuambia "gari la lita 2 huwekewa injekta fulani" anakubahatisha.

Mazda nao walivunja ukuta kwa njia ninayoipenda zaidi. RX-7 iliyotoka mwishoni mwa 1991 ilipewa injekta mbili kwa kila chumba cha injini yake ya kuzunguka, moja ya cc 550 na nyingine ya cc 850. Gari likitulia, ndogo inafanya kazi peke yake. Mguu ukikanyaga, kubwa inaamka kusaidia. Badala ya kuchagua kati ya kuta mbili, walimpa kila ukuta mlinzi wake.

Wauza vifaa vya turbo vya kuongeza baadaye, katika miaka ya 1980 na 1990, walikuwa na njia ya mkato: acha injekta ndogo, pandisha shinikizo la petroli. Inafanya kazi kidogo, kisha hesabu inakukamata. Petroli inayopita huongezeka kwa kipeuo cha pili cha shinikizo. Ukitaka mara mbili ya petroli, unahitaji mara nne ya shinikizo. Injekta nyingi hupimwa kwa bar 3 (bar moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa pale ufuoni Mombasa), kwa hiyo ungehitaji bar 12. Pampu ya kawaida haifiki huko.

Kinachohesabika ni tofauti ya shinikizo kati ya nyuma na mbele ya injekta. Turbo ikisukuma bar 1 upande wa mbele, bar 3 zako zinabaki 2, na petroli inapungua kwa asilimia 18 pale pale inapohitajika zaidi. Ndiyo maana kidhibiti cha petroli kwenye magari mengi ya turbo kina mpira mwembamba unaotoka kwenye njia ya hewa ya injini. Turbo ikipanda, nacho kinapanda. Ukiona fundi ameuchomoa mpira ule, mwulize kwa nini.

Sasa turudi kwa binamu yangu. Kanuni ambayo mafundi wa mbio wanaitumia ni hii. Injini ya turbo hutumia kama paundi 0.6 za petroli kwa saa kwa kila hp 1 (isiyo na turbo ni kama 0.5, kwa kuwa turbo hupewa petroli ya ziada ya kupoza). Zidisha kwa hp unazotaka, gawanya kwa idadi ya injekta, kisha gawanya kwa 0.8, kwa sababu hutaki injekta iwe wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda uliopo. Jibu ni paundi kwa saa, kipimo cha Wamarekani. Zidisha kwa 10.5 upate cc kwa dakika.

Alitaka hp 260. Mara 0.6 ni 156. Gawanya kwa 4, ni 39. Gawanya kwa 0.8, ni 48.75. Mara 10.5, ni kama cc 512. Saizi inayofuata dukani ni cc 550.

Kisha nikakagua ukuta wa pili, ambao kanuni haiutaji. Injini yake ikinguruma papo hapo inatumia kama lita 1 kwa saa. Kwa mizunguko 750 kwa dakika, kila tone ni sentimita ya ujazo 0.011. Injekta ya cc 550 inalitoa kwa milisekunde 1.2. Ile ya cc 1,000 aliyonunua inalitoa kwa 0.67. Ikikosea kwa milisekunde 0.1 tu, ya kwanza imekosa kwa asilimia 8, ya pili kwa asilimia 15. Injekta kubwa za kisasa zilizotengenezwa vizuri zinalistahimili hilo. Zake zilikuwa za bei rahisi na zisizo na karatasi ya vipimo, hazikustahimili.

Hata hivyo kosa kubwa zaidi lilikuwa jingine, na hili lilinichekesha kwa uchungu kwa kuwa ni kosa la kazi yangu. Hakuna aliyeiambia kompyuta. Ile namba ya saizi iliyomo ndani ya programu ilikuwa bado ya injekta za kiwandani. Kompyuta ilikuwa inafungua muda wa injekta ndogo, na injekta kubwa inamwaga kwa muda huo huo. Inaweza kujirekebisha kwa kusikiliza kipima moshi, lakini kujirekebisha kuna mipaka. Fundi hakusema uongo aliposema shida ni kompyuta. Ila kompyuta haikuwa mbovu, ilikuwa imedanganywa.

Tuliweka za cc 550, seti moja iliyopimwa pamoja. Tukabadilisha pampu. Tukahakikisha upinzani wa umeme wa injekta unalingana na gari, maana zipo za ohm 2 au 3 na zipo za ohm 12 hadi 16, na ukiweka ndogo pasipo na kizuizi chake unaweza kuunguza kisanduku. Mtaalamu mmoja akaandika upya namba za kompyuta, gari likiwa limefungiwa kipima moshi. Mwaka 2020 tuliupanda tena mlima wa Mai Mahiu. Nilishika mlango kwa mikono miwili, nakiri. Tulifika juu.

Historia haijasimama. Siku hizi injini nyingi mpya za turbo hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa shinikizo la bar 200 au zaidi. Muda umekuwa mfupi zaidi, maana haiwezekani tena kunyunyiza wakati moshi unatoka. Toyota, tangu 2005, wana injini zenye injekta mbili kwa kila silinda, moja ndani na moja nje, kila moja na zamu yake. Ukiangalia vizuri, ni wazo la RX-7 limerudi na koti jipya.

Binamu bado ananiita fundi, na mimi bado siwezi kubadilisha hata breki. Lakini akiulizwa injekta saizi gani, sasa naye huuliza kwanza: "Unataka nguvu ngapi, na muda unao kiasi gani?"

Haya, kwa leo yatosha. Narudi kwenye mishahara ya watu.